Albrecht Dürer na Uzi wa Kuchorea Udi

Muhula huu tuliagizwa kuchora gitaa lililolazwa juu ya meza. Wengi wetu, nami nikiwamo, tulichora kitu mfano wa kibuyu kilichokanyagwa. Ndipo nilipotafuta habari za mtu aliyelishughulikia jambo hili zamani, nami nimeona vema niwagawie wenzangu.

Albrecht Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei, 1471, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani. Baba yake alikuwa sonara. Mama yake alizaa watoto 18, na wengi wao walikufa wangali wadogo. Albrecht alifundishwa kazi ya baba yake, lakini moyo wake ulikuwa katika kuchora. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alijitazama katika kioo akachora sura yake mwenyewe, na picha hiyo ipo hata leo. Baba alisikitikia muda uliopotea; hata hivyo mwaka 1486 alimtoa mwanawe awe mwanagenzi wa mchoraji Michael Wolgemut.

Mwaka 1498 Dürer alitoa picha za Ufunuo wa Yohana, zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa, na sifa zake zikaenea Ulaya. Walakini hakuridhika. Mchoraji mmoja wa Italia, Jacopo de' Barbari, alimwonyesha picha za mwanamume na mwanamke alizozichora kwa vipimo, ila alikataa kumweleza wazi njia yake. Siku zile mafundi wengi walizificha siri za kazi. Basi Dürer akaanza kuitafuta elimu hiyo mwenyewe, kwa kusoma na kwa kupima.

Mwaka 1506, akiwa Venice, alipaka rangi picha kubwa ya Bikira Maria kwa ajili ya kanisa la wafanya biashara wa Kijerumani. Miguuni pa Bikira ameketi malaika apigaye udi. Udi huo wa Ulaya ni ndugu wa udi wa taarabu tuujuao, maana asili yao ni moja, na hata jina lake la Kizungu limetokana na neno la Kiarabu.

Kuchora udi ni taabu. Mgongo wake ni mviringo kama nusu ya papai, na kichwa chake kimepindwa nyuma. Ukilazwa kuelekea kwako, huonekana mfupi kuliko ulivyo, na mkono hukataa kuliamini jicho.

Mwaka 1525 Dürer alitoa kitabu cha kupima kwa bikari na rula. Humo mna picha ya watu wawili wakichora udi, na kazi yao huenda hivi. Kwanza, tundu la sindano kubwa hukazwa ukutani, mahali pa jicho la mchoraji. Pili, uzi hupitishwa tunduni, ncha moja ikining'inizwa kipande cha risasi ili uzi usilegee. Tatu, fremu husimamishwa kati ya ukuta na udi, nayo ina kijilango chenye bawaba, ambacho juu yake huchorwa. Mtu wa kwanza hugusisha ncha ya pili ya uzi kwenye udi. Wa pili hutega nyuzi mbili ndani ya fremu, zikingamane pale uzi ule unapopita. Kisha uzi huondolewa, kijilango hufungwa, na nukta hutiwa penye makutano. Hurudia hivyo mara nyingi, kisha huunganisha nukta, na udi huonekana.

Kitabu hicho alikiandika kwa Kijerumani, si kwa Kilatini cha wataalamu, ili vijana na mafundi wa kawaida wakielewe. Alifariki tarehe 6 Aprili, 1528, akiwa na umri wa miaka 56, na kitabu chake cha vipimo vya mwili wa mwanadamu kikatoka mwaka huo huo baada ya kifo chake.

Alinyimwa elimu, naye angaliweza kuwanyima wengine. Badala yake aliitoa. Jumamosi moja mimi na mwenzangu wa bwenini tuliijaribu njia yake kwa uzi wa kushonea na fremu kuukuu ya dirisha. Ilituchukua mchana kutwa, lakini safari hii kila apitaye alijua kwamba ni gitaa.