Dakta Livingstone na Shauri la Kurudi Kwao

Wanafunzi wengi wa hapa Tabora wamekwisha kufika Kwihara, nje kidogo ya mji, wakalitazama lile tembe lililojengwa upya ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Mimi nimekwenda na madarasa yangu zaidi ya mara moja, na kila mara huulizwa: Mzungu huyu alikuwa akingoja nini hapa miezi yote ile? Basi nataka niwaeleze, maana ndani ya tembe lile, mwaka 1872, lilikatwa shauri zito.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Scotland. Kwao walikuwa maskini, hata akiwa mtoto wa miaka 10 akatiwa kazini katika kiwanda cha pamba. Usiku alisoma, na kwa bidii hiyo akapata udaktari. Mwaka 1841 alikuja Afrika ya Kusini kuwa mmisionari, lakini baadaye kazi yake kubwa ikawa kusafiri na kuchunguza mito. Habari za Kalahari na Zambezi zimo katika vitabu vyenu vya historia, sina haja ya kuzirudia.

Safari yake ya mwisho aliianza mwaka 1866 kutoka Unguja, naye alitafuta chimbuko la mto Nile. Alizunguka miaka 5 mpaka Nyangwe, penye mto Lualaba. Huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Jambo hilo lilimvunja moyo, akarudi Ujiji. Alipofika mwezi wa Oktoba, mgonjwa na amekonda, alikuta mali yake iliyopelekwa kutoka pwani imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Haukupita muda mrefu akatokea Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani, mwenye vitambaa, shanga, dawa na barua.

Wawili hao walikwenda kwanza kaskazini ya ziwa Tanganyika, wakaona ya kuwa mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Kisha wakashika njia ya Unyanyembe. Siku zile Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya kawaida ilikuwa ya hatari. Ikawalazimu kuzunguka upande wa kusini. Walifika Kwihara tarehe 18 Februari 1872.

Hapo Stanley alimsihi sana Dakta afuatane naye mpaka Ulaya, apumzike, atibiwe, atiwe meno ya bandia, ndipo arudi kumaliza kazi. Nami nasema maneno hayo yalikuwa ya akili. Livingstone alikaribia kutimiza miaka 59. Meno yake mengi yalikuwa yameng'oka, na ugonjwa wa kutoka damu ulimrudia kila mara. Mkewe, Mary, alikufa mwaka 1862 karibu na mto Zambezi. Mwanawe Robert alikufa Marekani mwaka 1864 katika vita vya huko. Waliobaki hawakumwona tangu 1865, na binti yake mdogo, Anna Mary, alikuwa na miaka 13 tu. Tena njia ya pwani ilikuwa wazi, na mwenzi wa kusafiri naye alikuwapo.

Walakini alikataa. Aliamini ya kuwa Lualaba ndio Nile, na ya kuwa mtu akiivumbua asili ya Nile, wakubwa wa Ulaya watamsikiliza atakapoipinga biashara ya watumwa. Kadhalika binti yake Agnes alikuwa amemwandikia kwamba, ijapokuwa anatamani sana kumwona, ni afadhali amalize kazi yake hata aridhike mwenyewe, kuliko kurudi kwa kumfurahisha yeye tu. Mzee alifurahi mno kwa barua ile. Mimi kila niikumbukapo humhurumia huyo binti.

Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka, na kabla miezi 2 haijatimia alikuwa Bagamoyo. Akakuta msafara uliotoka Uingereza kumtafuta Livingstone, na mwanawe Oswell yumo. Kwa kuwa mzee alikwisha kuonekana, msafara ule ukavunjika, na Oswell naye akarudi Uingereza bila kuonana na baba yake.

Livingstone alibaki Kwihara akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma. Alisoma, alihesabu siku, aliandika habari za ndege na za vita vya Mirambo. Watu zaidi ya 50 wakafika mwezi wa Agosti, na tarehe 25 ya mwezi ule akashika njia ya kusini.

Hakuiona Nile. Lualaba ni mto Kongo, na Stanley mwenyewe ndiye aliyeufuata mpaka baharini mwaka 1877. Mvua na mabwawa ya Bangweulu vilimmaliza mzee, hata ikabidi achukuliwe mabegani. Alikufa yapata tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Tarehe 5 Juni mwaka ule ule Seyyid Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja, na barua za Livingstone alizozichukua Stanley zilisaidia kuwaamsha Waingereza juu ya jambo hilo.

Sasa Chuma na Susi na wenzao wakakata shauri lao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua na chumvi, wakauchukua. Mwezi wa Oktoba walifika tena Kwihara, wakamkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza, naye akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Waliposikia ya kuwa watu wa mbele hawataki maiti ipite kwao, walifunga vijiti katika nguo mfano wa maiti, wakavirudisha Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la vitambaa vya biashara.

Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Huko waliambiwa kazi imekwisha, na katika wapagazi wale ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri na jeneza. Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye mwaka ule, wakasaidia kueleza yaliyoandikwa katika daftari za safari. Kazi ile ilipokwisha walirudi Afrika, wakaendelea kuongoza misafara. Chuma alikufa mwaka 1882, na Susi mwaka 1891, wote wawili Unguja.