Orffyreus: Fundi aliyedai gurudumu lake lingezunguka milele

WAKAZI wa Nyeri, Karatina na Nanyuki hawahitaji kuelezwa thamani ya umeme. Ndiposa habari za mashine ya sumaku inayodaiwa kutoa nguvu nyingi kuliko inazotumia huwavutia wengi. Hata hivyo, ndoto hiyo ni kongwe, na miongoni mwa waliotajika zaidi kwa kuinadi ni Mjerumani Johann Bessler.

Bessler alizaliwa karibu na mji wa Zittau mnamo 1680. Alijifunza ufundi wa saa na utabibu, kisha akajiita Orffyreus, jina alilolipata kwa kubadilisha kila herufi ya jina lake la ukoo na ile iliyo nafasi 13 mbele yake katika alfabeti.

Mnamo 1712, mjini Gera, alionyesha hadharani gurudumu ambalo, kwa madai yake, lilijizungusha lenyewe kwa uzani uliofichwa ndani. Aliunda mengine Draschwitz na Merseburg. Waliomwamini na waliomwita laghai walizozana vikali.

Karl, mtawala wa Hesse-Kassel, alimpa hifadhi. Katika kasri yake, Bessler aliunda gurudumu lenye kipenyo cha mita 3.7 hivi. Novemba 12, 1717, lilifungiwa chumbani na mlango ukapigwa lakiri. Mlango ulifunguliwa wiki mbili baadaye, ukafungwa tena hadi Januari 4, 1718. Gurudumu lilikuwa lingali linazunguka.

Bessler alitaka pauni 20,000, fedha nyingi mno enzi hizo, na alisisitiza alipwe kabla ya mnunuzi kuona kilichomo ndani. Hakuna aliyekubali. Mnamo 1721, Willem 's Gravesande, profesa kutoka Leiden, alipolichunguza kwa makini, Bessler alighadhabika na kulivunjavunja gurudumu lake mwenyewe.

Mnamo 1727, aliyekuwa mtumishi wake wa kike alitoa ushahidi kwamba gurudumu lilizungushwa kwa mkono kutoka chumba jirani. Wafuasi wa fundi huyo waliupinga ushahidi huo, lakini yeye hakupata tena sifa wala mnunuzi. Alifariki Novemba 30, 1745, alipoanguka kutoka kwa kinu cha upepo alichokuwa akikijenga huko Fürstenberg. Mtu aliyenadi nguvu za bure alikufa akijenga mtambo unaotegemea upepo.

Miaka 30 baadaye, mnamo 1775, Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutochunguza tena mashine za aina hiyo. Katika miaka ya 1840, Mayer, Joule na Helmholtz walieleza kanuni yenyewe: nguvu haziumbwi wala haziangamii, bali hubadilika umbo tu.

Sumaku haijiepushi na kanuni hiyo. Huvuta chuma kinapokaribia, lakini hukivuta vivyo hivyo kinapojaribu kuondoka. Kilichopatikana wakati wa kuja hulipwa wakati wa kwenda, na msuguano hupunguza salio.

Ni kweli kwamba jenereta za mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hutegemea sumaku. Hali kadhalika mtambo ulio kwenye Mto Gura, Kaunti ya Nyeri, unaohudumia viwanda vya chai. Lakini anayesukuma ni maji yanayoporomoka kutoka milimani. Mto ukikauka, sumaku husimama.

Kwa hivyo, mwuzaji akija sokoni na kisanduku cha sumaku, mnunuzi amtake kwanza aondoe betri na nyaya zote zinazoingia, kisha aache kisanduku kiwashe taa kwa wiki kadhaa mbele ya fundi asiye na maslahi. Akikataa kukifungua hadi alipwe, anatoa sharti lile lile alilolitoa Bessler huko Kassel.