OLE KIRK CHRISTIANSEN, SEREMALA WA BILLUND

Labda si wasomaji wote wa gazeti letu waliopata kushika vitofali vya plastiki viitwavyo LEGO, lakini wengi wameviona katika picha au katika maduka ya mjini. Ni vitofali vidogo vyenye vifundo juu na uwazi chini, navyo hushikana kimoja juu ya kingine bila gundi wala msumari. Watu hudhani ni mchezo wa watoto tu. Kumbe siku hizi huko Ulaya, Marekani na Japani wako watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, ambao huvinunua, huvikusanya na kuvikagua kama fundi akaguavyo mbao. Nimependa kueleza maisha ya mtu aliyeianzisha kazi hiyo, ili tuone sababu ya kitu cha mchezo kukaguliwa namna hiyo.

Ole Kirk Christiansen alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 katika kijiji cha Filskov, upande wa Jutland katika nchi ya Denmark. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alikuwa mtoto wa kumi. Alijifunza useremala kwa kaka yake, kisha akatoka kwenda kutafuta kazi Ujerumani na Norwei. Mwaka 1916 alirudi kwao na kununua karakana ya mbao katika kijiji kidogo cha Billund, akamwoa Kirstine, binti wa Norwei. Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba za wakulima na kutengeneza milango, madirisha na vyombo vya nyumbani. Wakajaliwa watoto wanne, wote wa kiume.

Mwaka 1924 ulimpatia msiba wa kwanza. Watoto wake wawili, Karl Georg na Godtfred, walikuwa wakicheza na moto ndani ya karakana. Maranda yakashika moto, na karakana ikateketea pamoja na nyumba waliyokaa. Ole Kirk hakukata tamaa. Alijenga nyingine, tena kubwa kuliko ile ya kwanza.

Baadaye ikaja dhiki iliyoingia dunia nzima. Bei za mazao zilianguka, wakulima wakakosa fedha, na mtu asiye na fedha hajengi nyumba. Mwaka 1932 Ole Kirk alibaki karibu hana kazi, na mwaka huo huo mkewe akafariki. Akawa mjane mwenye watoto wanne na karakana isiyo na wateja. Basi akaanza kutengeneza vitu vidogo ambavyo mtu aweza kununua hata katika shida: ngazi, meza za kupigia pasi, na vitu vya kuchezea watoto. Ndugu zake walimsaidia apate mkopo, lakini walimsihi aache mambo ya watoto atafute kazi ya maana. Yeye hakuacha. Zamani hizo mchezo wa yoyo ulivuma sana, naye akatengeneza yoyo nyingi. Mara watu wakauchoka, zikabaki zimejaa karakana. Hakuzitupa, bali alizipasua kati akazifanya magurudumu ya magari ya mbao.

Mwaka 1934 aliipa kazi yake jina la LEGO, alilolifanya kwa maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri.

Yako masimulizi moja ambayo mwanawe Godtfred aliyaeleza mara nyingi. Walikuwa wakitengeneza bata wa mbao, na desturi ya baba ilikuwa kuwapaka vanishi mikono mitatu. Siku moja kijana alipaka mikono miwili tu, akawatia bata katika masanduku na kuwapeleka stesheni ya reli. Jioni alimweleza baba yake kwa furaha kwamba ameokoa fedha na muda. Baba hakufurahi. Alimwamuru arudi stesheni awachukue bata wote, awapake mkono wa tatu, na kuwarudisha. Tena aifanye kazi hiyo peke yake, hata kama ingemchukua usiku kucha. Godtfred hakusahau. Baadaye alichonga kibao cha kuwakumbusha wafanyakazi kwamba kilicho bora kabisa ndicho pekee kinachotosha, nacho kikatundikwa karakanani.

Mwaka 1942, nchi yao ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kiwanda kiliungua tena, na mifano na michoro yote ikapotea. Ole Kirk alijenga mara nyingine. Vita vilipokwisha alifanya jambo lililowashangaza wengi: alinunua kwa fedha nyingi mashine ya Kiingereza ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma katika kalibu. Hapo yatupasa kusema kweli. Wazo la kitofali chenye vifundo halikuwa lake. Mwingereza Hilary Page alikuwa ametangulia kuuza vitofali vya namna hiyo, na mifano yake ilimfikia Ole Kirk. Yeye na Godtfred wakaigeuza kidogo, na mwaka 1949 wakaanza kuuza vyao.

Vitofali vya kwanza havikushikana sawasawa. Kilichotofautisha kazi ya watu wa Billund ni kwamba hawakuridhika navyo. Walivirekebisha kwa miaka karibu kumi, mpaka Godtfred alipoandikisha serikalini, tarehe 28 Januari 1958, namna mpya yenye mirija ndani ya kitofali, upande wa chini usioonekana. Mirija hiyo ndiyo inayobana vifundo. Ole Kirk alifariki tarehe 11 Machi 1958, majuma sita tu baadaye. Hakuona faida yake, wala hakujua kwamba kitofali cha mwaka ule kingeshikana na kile kinachotoka kiwandani leo.

Sasa turudi kwa wale watu wazima. Tangu mwaka 2020 masanduku mengine huandikwa kwamba ni ya watu wa miaka 18 na zaidi. Mnara wa Eiffel uliotoka mwaka 2022 una vipande 10,001. Mkusanyaji akinunua sanduku hatazami picha tu. Huhesabu vipande na kuvilinganisha na bei. Hutazama kama rangi ya kipande kimoja ni sawa na ya mwenzake. Huuliza kama maandishi yamepigwa chapa au ni karatasi za kubandika, ambazo hubanduka. Huinua jengo na kulitikisa kidogo aone mshiko. Wao ndio walioona kwamba baadhi ya vipande vya kahawia huvunjika upesi, nao hawakunyamaza. Wengine hucheka, wakisema ni utoto kuhangaika hivyo kwa vitu vya kuchezea.

Mimi nadhani wacheshi hao wamekosea. Watu wale wanaulizia mkono wa tatu wa vanishi. Bata aliyepakwa mikono miwili na aliyepakwa mitatu, siku ya kwanza dukani, hutawatofautisha. Mtoto anayenunuliwa bata hawezi kulalamika, na baba yake hawezi kujua. Baada ya mwaka mmoja wa kuburutwa katika maji na mchanga ndipo mmoja hubabuka na mwingine hubaki mzima. Mtu wa kwanza kukagua alikuwa seremala mwenyewe, wakati ambapo hakuna mwingine ambaye angejua. Lakini seremala amekufa tangu 1958, na kiwanda kikubwa chaweza kusahau. Kwa hiyo ni vema wawepo watu wenye kushika, kupima na kusema.

Habari hii yatuhusu hata sisi tusio na vitofali. Kuna wafagiao bweni siku ya ukaguzi, tena mlangoni na katikati tu, chini ya vitanda wakaacha. Kuna fundi apakaye dawati rangi juu na kuacha miguu iliwe na mchwa. Karibu tutatoka shuleni, na wengine wetu watakuwa mafundi, waalimu, waganga na makarani. Kazi zetu nyingi hazitakuwa na mkaguzi, wala mteja wetu hatajua tumepaka mikono mingapi. Ole Kirk Christiansen alikuwa mtu wa kijiji, aliyeunguliwa na karakana mara mbili na kufiwa na mke, naye alikuwa na kila sababu ya kupunguza vanishi. Hakupunguza.