John Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye tairi la baiskeli

Leo ukipata pancha, fundi anachomoa tyubu, anaitumbukiza kwenye beseni la maji, anaona mapovu, anabandika kiraka. Safari inaendelea. Lakini unajua nani aliyeleta upepo kwenye baiskeli? Hakuwa hata fundi. Alikuwa daktari wa mifugo.

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, Dreghorn, Scotland. Baadaye alihamia Belfast, Ireland, akawa anatibu wanyama.

Mwaka 1887, mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye matairi magumu. Kwenye barabara za mawe, dogo alikuwa anarushwarushwa tu. Baba akatengeneza bomba la mpira mwembamba, akalizungushia kwenye duara la mbao, akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Alipoliviringisha uani, lilienda mbali kuliko gurudumu la zamani.

Mwaka 1888 akasajili uvumbuzi wake. Mei 1889, Willie Hume akaingia mashindanoni Belfast na matairi ya upepo, akawashinda wenye matairi magumu. Mfanyabiashara Harvey du Cros akaona pesa, na kampuni ikaanzishwa.

Kumbe kulikuwa na tatizo. Mskoti mwingine, Robert Thomson, alikuwa amesajili tairi la upepo tangu 1845, kabla baiskeli hazijaenea. Haki ya Dunlop ikafutwa. Mwaka 1895 akaachana na kampuni. Jina lake likazunguka dunia nzima, ila utajiri mkubwa ukawaendea wengine. Alifariki Dublin, Oktoba 23, 1921.

Somo lake bado lipo kwenye baiskeli yako. Kinachokubeba ni upepo, mpira unaushikilia tu. Ukipungua, jiwe linaibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa, mara nyingi matundu mawili kwa mpigo. Ukizidi, unarudi kwenye tairi gumu lililomtesa mtoto wa Dunlop.

Kipimo sahihi kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Na kwa kuwa tyubu huvuja kidogo kidogo hata bila pancha, usisubiri ilale. Pitia kwa fundi, ongeza upepo, halafu ondoka.