Gertrude Elion, mwanamke aliyeacha shahada akatuletea dawa ya hepesi

Anayetibiwa malengelenge ya hepesi au mkanda wa jeshi siku hizi mara nyingi hupewa vidonge vya asikloviri. Nyuma ya dawa hiyo kuna mwanamke mmoja: Gertrude Elion, mkemia wa Marekani aliyefariki mwaka 1999 akiwa na miaka 81.

Alizaliwa New York mwaka 1918. Akiwa na miaka 15, babu yake alifariki kwa saratani ya tumbo, binti akaapa kutafuta dawa. Alimaliza chuo mwaka 1937, lakini maabara nyingi hazikutaka wanawake. Kuna kipindi alikuwa akipima uchachu wa achari kwenye kampuni ya vyakula!

Mwaka 1944 akaajiriwa Burroughs Wellcome, chini ya George Hitchings. Jioni alisomea shahada ya uzamivu. Chuo kilipomtaka asome muda wote, alichagua kazi.

Enzi hizo wengi waliamini dawa ya kuua virusi lazima imuumize na mgonjwa, maana virusi huzaliana ndani ya seli zake. Timu ya Elion, akiwemo Howard Schaeffer, ikaonyesha sivyo. Asikloviri hukaa kimya mpaka ikutane na kimeng'enya cha virusi vya hepesi. Kumbe virusi vyenyewe ndivyo huiwasha, kisha vinashindwa kuzaliana. Seli zisizo na virusi hazina kimeng'enya hicho, hivyo hazidhuriki sana.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1982.

Hata hivyo, usalama wake una masharti. Haimalizi virusi, hubaki vimelala kwenye neva, na mtu bado anaweza kumwambukiza mwenzake. Inafaa ianzwe mapema. Kwa mkanda wa jeshi, ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Hutoka mwilini kupitia figo, ndiyo maana mgonjwa hushauriwa kunywa maji ya kutosha. Mwenye shida ya figo amwambie daktari kwanza, apangiwe dozi yake. Wala asijiongezee vidonge eti apone haraka.

Mwaka 1988 Elion alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hitchings na James Black. Ile shahada aliyoiacha hakuirudia tena, ila vyuo vikuu kadhaa vilimtunuku udaktari wa heshima.