Richard III: Mfalme Aliyechafuliwa Jina Miaka 500, Kumbe Amelala Chini ya Madinga

Ukisikia Richard III, picha inayokuja kwa akili ni ile ya jamaa wa kibiongo, mkono umekauka, roho chafu, anamaliza watoi wa bro wake ndio akalie kiti. Hiyo picha ilichorwa na William Shakespeare kwa mchezo wake wa kuigiza miaka ya 1590, zaidi ya karne moja baada ya mwenyewe kudedi. Na cheki nani alikuwa anatawala Uingereza wakati huo: Malkia Elizabeth I, mjukuu wa yule mse aliyempindua Richard. Wewe ungekuwa mwandishi anayetafuta riziki London siku hizo, ungeandika ati babu ya malkia alimnyang'anya kiti mtu mzuri? Thubutu.

Turudi nyuma. Richard alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1452 katika kasri la Fotheringhay, kijana wa mwisho wa Duke wa York. Ukoo wa kifalme ulikuwa umegawanyika mara mbili, mbogi ya York na mbogi ya Lancaster, na kila upande ulisema kiti ni chao. Fathe yake aliuawa vitani Wakefield mwisho wa Desemba 1460, pamoja na bro yake Edmund. Kichwa cha mzee kikatundikwa kwa lango la mji wa York, kimevishwa taji la karatasi ili watu wapite wakicheka. Richard alikuwa na miaka 8.

Miezi michache baadaye bro mkubwa, Edward, akajitangaza mfalme na kuwanyorosha Lancaster pale Towton. Alikuwa na miaka 18 tu. Huyo ndiye Edward IV. Dogo Richard akafanywa Duke wa Gloucester akiwa na miaka 9, akapelekwa kaskazini kwa binamu yao tajiri, Warwick, kufunzwa upanga na farasi. Na kumbuka uti wake wa mgongo ulianza kupinda akiwa kijana. Mwili unakataa, yeye anazidi kufanya mazoezi na chuma mwilini.

Mwaka 1470 mambo yalienda segemnege. Warwick aligeuka, akamrudisha mfalme wa Lancaster, na Edward akahepa kuvuka bahari hadi Uholanzi mikono mitupu. Bro mwingine, George, Duke wa Clarence, alikuwa ameshahamia upande wa Warwick. Richard, miaka 18, hakuhama. Alifuata bro yake ukimbizini, wakarudi pamoja 1471, na wakashinda vita viwili mfululizo, Barnet na Tewkesbury. Shakespeare anakuonyesha ni Richard alimpangia George kifo. Lakini ukweli ni kwamba George alirudi nyumbani, akasamehewa, akaanza fitina tena, na ni Edward mwenyewe aliyemshtaki mbele ya bunge, na akauawa kimya kimya ndani ya Mnara wa London mwaka 1478. Stori ya mtaa inasema alizamishwa kwa pipa la mvinyo. Kama ni jaba ama ni kweli, wasee walikuwa wanaisimulia tangu enzi hizo.

Zaidi ya miaka kumi Richard alishikilia kaskazini kwa niaba ya bro yake. Alioa Anne Neville, binti ya yule yule Warwick, wakapata mtoi mmoja wa kiume. Mwaka 1482 akanyakua tena mji wa Berwick kutoka kwa Waskoti. Watu wa York walimpenda, na hiyo si maneno ya mashabiki wa leo. Alipouawa, baraza la mji liliandika kwa kumbukumbu zake jinsi lilivyohuzunika, na kumbuka mshindi alikuwa tayari ameingia. Kuandika hivyo ilikuwa kujitafutia makosa.

Sasa tufike kwa ile mwaka inayoleta kelele. Tarehe 9 Aprili 1483 Edward IV akafariki ghafla. Mrithi ni kijana wake, Edward V, miaka 12. Richard ndiye angelinda nchi hadi mtoto akomae. Shida ni kwamba mamake mtoto, Elizabeth Woodville, alikuwa na familia kubwa yenye tamaa kubwa zaidi, na hao ndio walikuwa na mtoto mkononi. Richard akawawahi njiani, akamkamata mjomba wa mfalme na kumleta kijana London mwenyewe. Hadi hapo unaweza kumtetea.

Halafu tarehe 13 Juni, kwa mkutano wa baraza, akaamuru Lord Hastings akamatwe na akatwe kichwa siku hiyo hiyo. Hakuna kesi, hakuna wakili. Hastings alikuwa beshte wa kufa kupona wa marehemu bro yake. Hapa mimi sina la kumtetea, na wanaompenda Richard wakifika kwa hii siku huwa wanapitia haraka sana. Siku tatu baadaye mtoto wa pili, miaka 9, akatolewa kanisani mamake alikojificha na kupelekwa kwa Mnara kuungana na kaka yake. Kisha ikatangazwa ati Edward IV aliwahi kuahidi ndoa kwa mwanamke mwingine kabla ya kumuoa Woodville, kwa hivyo hao watoi ni wa nje ya ndoa, hawawezi kurithi. Tarehe 6 Julai Richard akavishwa taji. Wale watoi walionekana kwa bustani ya Mnara mara chache, halafu wakapotea. Mpaka leo.

Uongozi wake ulikuwa wa miaka miwili na miezi kidogo tu, lakini soma sheria za bunge lake la 1484 uone. Ukishikwa kwa kushukiwa, unaweza kupewa dhamana. Mali yako haiguswi kabla upatikane na hatia. Ile michango ya lazima ambayo wafalme waliwakamua matajiri wakiita zawadi, ikapigwa marufuku. Vitabu kutoka nje viliachwa viingie huru, wakati wafanyabiashara wengine wa kigeni wanabanwa. Mhalifu aliyeiba kiti akatunga sheria ya kumlinda mshukiwa. Hapo ndipo huyu msee anachanganya watu.

Aprili mwaka huo huo mtoi wake na Anne akafa. Machi 1485 Anne naye akaenda, siku ambayo jua lilipatwa, na mtaa ukaanza kusema amemwekea sumu ndio aoe mpwa wake. Ilibidi mfalme asimame hadharani kukana. Imagine umezika mke, halafu unaitwa kujitetea.

Tarehe 22 Agosti 1485, uwanja wa Bosworth, Henry Tudor alikuja na jeshi dogo kuliko la Richard. Lakini akina Stanley walisimama kando na askari wao wakipiga hesabu. Richard akamwona Henry kwa mbali na wasee wachache, akaamua kumaliza mchezo mwenyewe. Akatimua farasi, akamwangusha mshika bendera wa Henry, akakaribia sana. Hapo William Stanley akaingia, upande wa Henry. Richard akauawa akipigana kwa miguu, miaka 32, mfalme wa mwisho wa Uingereza kufia vitani. Maiti ikapakiwa uchi juu ya farasi hadi Leicester, ikazikwa haraka haraka kanisa la watawa wa Greyfriars.

Henry alichofanya kwanza ni ujanja wa ajabu: alitangaza utawala wake ulianza siku moja kabla ya vita, ili kila aliyempigania Richard aitwe msaliti. Kisha akaamuru nakala zote za sheria iliyowaita watoi wa Edward wana wa nje zichomwe, kwa sababu anataka kumuoa dada yao. Na waandishi wakasoma upepo. John Rous alimsifu Richard akiwa hai. Henry alipoingia, Rous huyo huyo akaandika ati Richard alikaa tumboni miaka miwili akatoka na meno na nywele hadi mabegani. Thomas More, aliyeandika ile stori inayojulikana zaidi ya mauaji ya watoto, alikuwa mtoto mdogo wakati huo na akalelewa nyumbani kwa Morton, adui mkubwa wa Richard.

Waliokuja kumtetea sana ni waandishi wa riwaya. Mwaka 1951 Josephine Tey alitoa The Daughter of Time, polisi amelazwa hospitali na mguu umevunjika, anaona picha ya Richard na kuanza kupeleleza kesi akiwa kitandani. Mwisho anamlaumu Henry. Inasomeka tamu, lakini Tey anaruka Hastings kama mtu anavyoruka dimbwi. Kwangu Sharon Kay Penman amemshinda kwa The Sunne in Splendour ya 1982. Richard wake ni binadamu, anapenda, anakosea, na doa anabaki nalo. Yeye kwa watoto anamshuku Duke wa Buckingham.

Halafu Agosti 2012, Philippa Langley, mwandishi asiye na digrii ya historia lakini mwenye kichwa ngumu, akasukuma hadi wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Leicester wakafukua maegesho ya magari ya ofisi za serikali mjini humo. Siku ya kwanza tu wakagonga mfupa wa mguu. DNA ililinganishwa na ya seremala mzaliwa wa Kanada, wa uzao wa dadake Richard, ikashika. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli, bega moja juu ya lingine. Lakini kibiongo hakuna, mkono uliokauka hakuna. Majeraha 11, na 9 kati yake kichwani. Machi 2015 akazikwa upya katika kanisa kuu la Leicester, watu wamejaa barabarani.

Ile kesi ya watoi ndio bado. Mwaka 1674 mafundi wakibomoa ngazi ndani ya Mnara walipata mifupa ya watoto wawili, na Charles II akaiweka kwa chombo cha marumaru ndani ya Westminster Abbey. Wataalamu waliifungua 1933, kabla vipimo vya DNA viwepo, wakaifunga tena. Tangu hapo wanaoomba kuipima wanaambiwa hapana.