Shekhar Mehta na Datsun: Wafalme wa Safari Walivyoachwa Nyuma

Hapa Kangemi ninapoishi, mtu akikwambia panda nissani uende mjini, usitafute Nissan. Matatu nyingi za abiria kumi na wanne ni Toyota. Jina lilibaki, gari likabadilika. Makanga anaita nissani, abiria wanaingia nissani, na bodi imeandikwa Toyota mbele na nyuma. Wapwani wenzangu mnaoishi Mombasa, Malindi na Kwale mnalijua jambo hili vilevile, maana huko pia jina ni hilohilo.

Nalianza na hili kwa sababu limebeba hadithi nzima ya timu moja ya mbio za magari iliyowahi kutawala Afrika Mashariki, kisha ikapitwa na wenziwe mpaka leo. Na hadithi ya timu hiyo haisimuliki bila kumtaja Shekhar Mehta, aliyefariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka sitini. Vijana wa gereji za kando ya Barabara ya Waiyaki wanajua majina ya madereva wa Ulaya wa leo, lakini wengi wao hawalijui jina la mtu aliyeshinda Safari Rally mara tano, rekodi ambayo hajatokea mtu wa kuifikia. Ndiyo maana nimeona niandike.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja alipoanza mashindano, na gari lake la mwanzo lilikuwa BMW. Mbio za Safari wakati huo zilikuwa za nchi zote tatu. Zilianza mwaka 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya barabara zilezile za lori, ng'ombe na watu waendao sokoni. Hakukuwa na kufunga njia. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo hadi kituo, akichelewa dakika anahesabiwa pointi, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Pasaka ni msimu wa masika, kwa hiyo vumbi la asubuhi huweza kuwa tope la kumeza gari ifikapo jioni. Wazee wa Taita wanakumbuka magari yalivyokuwa yakipanda na kushuka milima yao usiku, taa zikimulika mabonde.

Kampuni ya Datsun, ambayo ndiyo Nissan yenyewe kwa jina la zamani, ilileta magari yake katika mbio hizi kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa kila mtu. Magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na Datsun haikuwamo. Wajapani hawakufunga virago. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakatazama nini kinavunjika, wakaenda nyumbani kukiimarisha, wakarudi tena. Ilichukua miaka saba. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller wakaleta ushindi kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakarudia kwa 240Z. Aliyeshika nafasi ya pili mwaka 1971, naye akiwa na 240Z, alikuwa kijana wa Uganda, Shekhar Mehta.

Kisha dunia yake ikapinduka. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku tisini. Familia ya Mehta ikakimbilia Kenya. Fikiria, ndugu msomaji: mtu amepoteza nchi aliyozaliwa, na haujatimia mwaka yumo kwenye mstari wa kuanzia Safari. Mbio za mwaka 1973 ndizo za kwanza kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa rally, ulioanza mwaka huohuo. Mehta, akiwa na Lofty Drews kwenye kiti cha msoma ramani, alimaliza akiwa sawa kabisa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, naye pia dereva wa Datsun. Ikabidi kanuni iamue: aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa ndiye mshindi. Huyo alikuwa Mehta. Mkimbizi wa jana akawa bingwa wa Safari.

Mimi huona hapo ndipo Wakenya walipomchukua Mehta kuwa wao. Sisi watu wa Pwani tunalielewa hilo vizuri kuliko wengi. Miji yetu imejengwa na watu waliokuja na pepo za kaskazi na kusi, wakashuka, wakaoa, wakazika wazee wao, na baada ya hapo anayewauliza wametoka wapi huonekana yeye ndiye mgeni.

Baada ya 1973 Datsun ilikaa miaka kadhaa bila ushindi. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, Peugeot ikachukua 1975 na 1978, Ford ikachukua 1977. Kisha likaja gari ambalo wengi walilidharau kwa sura: Datsun 160J, ambalo kwao Japani huitwa Violet. Lilikuwa gari la kawaida, la mwalimu au karani, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Halikuwa na kitu cha ajabu ila moja: halikuvunjika ovyo, na likivunjika lilitengenezeka haraka.

Mehta na Mike Doughty walishinda nalo mwaka 1979, mbele ya Hannu Mikkola aliyekuwa na Mercedes kubwa ya lita tano. Wakashinda tena 1980. Wakashinda 1981 na 1982 kwa Violet GT. Mara nne mfululizo. Björn Waldegård, Msweden aliyeijua Safari kama kiganja chake, alikusanya ushindi wa mara nne, lakini kwa muda wa miaka kumi na mitatu. Mwaka 1981 Mehta alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva, na safari nyingine za nje alikwenda na mkewe Yvonne akiwa ndiye msoma ramani.

Siri yake ilikuwa nini? Madereva wenye kasi zaidi yake walikuwapo. Lakini Mehta alijua wakati wa kukimbia na wakati wa kulitunza gari. Alijua barabara ikiwa kavu na ikiwa mbichi, alijua mto upi hujaa ghafla. Nyuma yake kulikuwa na timu iliyojengwa hapa nchini pamoja na kampuni ya DT Dobie, wauzaji wa Datsun, yenye mafundi walioizoea Safari. Nahodha, chombo na mabaharia walikuwa wakijuana.

Basi ikawaje timu kama hiyo ikaachwa?

Kwanza, sheria zilibadilika. Mwaka 1982 ulileta kundi jipya la magari, Kundi B, ambapo kampuni ilihitaji kutengeneza magari mia mbili tu ili iruhusiwe kushindana. Maana yake ni kwamba sasa unaweza kuunda gari kwa ajili ya mbio hasa. Audi ilikuwa imekwisha kuleta gari linalovutwa na magurudumu yote manne, likiwa na turbo. Nissan ilijibu kwa 240RS: injini ya lita 2.4, haina turbo, magurudumu ya nyuma tu. Lilikuwa gari zuri na imara. Lakini lilikuwa jibu la swali la mwaka 1979.

Hapa wengi hukimbilia kusema kwamba Nissan ilishindwa kwa kukosa magurudumu manne yanayovuta. Hilo halitoshi. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda Safari kwa Opel Ascona, gari la magurudumu ya nyuma lisilo na turbo. Na Toyota iliyoshinda mwaka 1984, 1985 na 1986 nayo ilikuwa ya magurudumu ya nyuma, ila ilikuwa na turbo. Kwa hiyo njia ilikuwa bado wazi kwa mtu wa mtindo wa zamani, mradi aongeze nguvu na maandalizi. Toyota ilifanya yote mawili. Timu yake ya Ulaya iliongozwa na Ove Andersson, ambaye yeye mwenyewe aliishinda Safari mwaka 1975 kwa Peugeot. Alijua Safari haishindwi siku ya Pasaka. Hushindwa miezi kabla, kwenye majaribio. Kwa maneno mengine, Toyota ilichukua somo lilelile la Datsun ya miaka ya sitini na ikalifanya kwa bidii zaidi. Mwaka 1984 Mehta mwenyewe, bingwa wa mara nne mfululizo, alimaliza wa tano.

Sababu ya pili ni watu. Timo Salonen wa Finland alikuwa dereva wa Nissan hadi mwaka 1984. Mwaka 1985 alihamia Peugeot, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia. Mtu ni yuleyule, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni gari. Naye Mehta mwaka 1986 alionekana kwenye Safari akiendesha Peugeot 205. Timu ikiona nahodha wake bora wanapanda vyombo vya wengine, haihitaji kuambiwa kwamba chombo chake kinavuja.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni kujibu kwa kuchelewa. Baada ya vifo vya mwaka 1986 Kundi B lilifutwa, yakarudi magari yaliyo karibu zaidi na ya dukani. Nissan ikaleta 200SX, tena magurudumu ya nyuma. Mike Kirkland, Mkenya, alilifikisha nafasi ya pili mwaka 1988 na tena 1989. Mara zote mbili aliyekuwa mbele yake ni Miki Biasion na Lancia ya magurudumu manne yanayovuta. Nissan ilipoleta hatimaye gari la magurudumu manne na turbo, Pulsar GTI-R, ilikuwa mwaka 1991. Miaka kumi tangu Audi ianze. Na hata hilo lilikuwa na kasoro: kifaa cha kupoza hewa inayoingia kwenye injini kiliwekwa juu ya injini yenyewe, penye joto kuliko kote. Fundi yeyote wa Kangemi angewaambia kwamba huwezi kupozea maji juu ya jiko. Mwisho wa mwaka 1992 Nissan ikafunga kitabu chake cha ubingwa wa dunia. Toyota ikaendelea, na Safari iliporudi kwenye ubingwa huo mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, aliyeshinda ni Toyota, na miaka iliyofuata ikawa ni Toyota tena.

Mehta hakuyaona hayo. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye mbio za Mafarao huko Misri, karibu imtoe roho, na ndiyo iliyomaliza maisha yake ya usukani. Lakini hakukaa nyumbani kuhesabu vikombe. Aliingia upande wa uongozi wa mchezo, akapanda hadi kuwa rais wa kamisheni ya rally katika shirikisho la dunia la magari. Mtoto wa Uganda aliyefukuzwa kwao alikuwa sasa akikaa meza moja na wakubwa wa viwanda vya Ulaya na Japani, wakijadili kanuni za mchezo wote. Naona hapo tofauti yake na timu yake. Yeye mlango mmoja ulipofungwa alitafuta mwingine mapema. Timu ilibaki ikibisha hodi kwenye mlango wa zamani kwa sababu uliwahi kufunguka.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sidhani Nissan ilitia maji. Tembo lao lilikuwa lilelile, zuri, ila wanywaji walikuwa wamekwisha hamia kinywaji kingine. Ubaya wa ushindi wa mara nne mfululizo ni kwamba unakufundisha kuwa hakuna haja ya kubadilika, na wakati huohuo unamfundisha mpinzani wako kila unachokijua.

Tusicheke ya Wajapani tukasahau ya kwetu. Sisi Mombasa tulikuwa na Feisal, mabingwa wa soka wa Kenya mwaka 1965. Tulikuwa na Mwenge. Leo ukizitaja mbele ya kijana wa Kisauni au Likoni anakutazama kama unayesimulia habari za Wareno. Tunapenda kusema tumeonewa, na pengine kwa mengine ni kweli. Lakini ningependa viongozi wa klabu zetu za leo waulizane maswali ambayo Datsun ilijiuliza baada ya kushindwa mwaka 1963, na ikaacha kujiuliza baada ya kushinda mwaka 1982: nini kimevunjika, nani ametupita, na amejifunza wapi? Timu inayouliza hivyo kila msimu yaweza kushindwa miaka saba na bado ikafika. Isiyouliza itabaki na jina tu.